Msitukate mshahara kwa tone la maji: barua ya wazi kwa wasimamizi wa maabara za afya Uganda

Waheshimiwa mnaopanga bajeti za afya, mnaonunua vifaa vya maabara na mnaokuja kutukagua. Nanyi maafisa wa afya wa wilaya na wakuu wa vituo ambao ndio wakubwa wetu wa kila siku, habari za kazi.

Mimi ni mtaalamu wa maabara huku Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambako mgonjwa wa kwanza wa asubuhi aweza kuwa ametoka Congo na anayemfuata kwenye benchi ametoka Sudan Kusini. Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho pale mapokezi, na Baraza la Mawaziri lilishakiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, kwa hiyo nawaandikia kwa Kiswahili bila kuomba radhi.

Jambo lenyewe ni hadubini. Kwenye ripoti za vifaa huandikwa "mbovu", na mstari unaofuata unaomba mpya. Hakuna safu ya kueleza imekufaje. Kwa niliyoyaona katika vituo nilivyopitia, hadubini nyingi haziuawi na uzee. Zinauawa na majimaji: mkojo, maji ya chumvi, damu, rangi za kupakia slaidi, mafuta ya lenzi ya 100, ile inayokuza mara 100. Na mara nyingi tone lenyewe haliui. Kinachoua ni ile saa moja baada ya tone, pale aliyemwaga anapoficha kwa sababu anajua akisema atalipa. Hilo ndilo nililokuja kuwaomba mliondoe, na mengine yote katika barua hii yanalizunguka.

Najua yupo atakayesema hadubini ni mambo ya jana, leo tuna vipimo vya haraka vya malaria na mashine za GeneXpert, zinazotambua kifua kikuu kwa vinasaba. Nazitumia zote na nazishukuru. Lakini kipimo cha haraka cha malaria tunachokitumia sana hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mama akirudi na mtoto aliyemaliza dawa wiki iliyopita na bado ana homa, kipimo kile kitasema "ndiyo" na hakitanisaidia kitu. Hakiwezi kunihesabia vimelea. Na kuhesabu kumekuwa jambo zito zaidi hapa kwetu, kwa sababu mwaka 2021 ulichapishwa utafiti kutoka kaskazini mwa Uganda ulioonyesha vimelea vinavyochelewa kuondoka kwenye damu ya wagonjwa waliotibiwa kwa artesunate, dawa ya malaria. Hilo lilijulikana kwa kupaka damu kwenye slaidi, kuitazama na kuhesabu.

Kifua kikuu nacho ni hivyo hivyo. GeneXpert inanasa vinasaba vya bakteria hata wakiwa wamekufa, kwa hiyo mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa tunamfuatilia kwa slaidi ya makohozi: mwisho wa mwezi wa 2, mwezi wa 5, na anapomaliza. Nayo malale, ugonjwa uliowahi kumaliza watu wa nchi hii, bado unatuhusu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeitokomeza aina ya gambiense, ile ya huku kwetu, isiwe tena tatizo la afya ya jamii. Ni ushindi mkubwa, na ushindi huo unalindwa kwa kuendelea kutafuta. Kipimo cha haraka kikionyesha shaka, lazima mtu amwone mdudu mwenyewe wa ugonjwa kwa macho yake kwenye damu, kwenye maji ya tezi au ya uti wa mgongo. Hapo Entebbe mwaka 1903 watafiti Castellani na Bruce walimwona kwa hadubini, na hadubini ndiyo tunayomtafutia mpaka leo.

Sasa tazameni lenzi yenyewe. Nawaomba muwe na subira nami hapa, kwa kuwa maamuzi ya manunuzi hufanywa na watu ambao hawajapata nafasi ya kukaa mbele yake.

Lenzi ya 40, inayokuza mara 40, ndiyo inayokufa kwanza. Ikiwa imelengwa sawasawa, kati ya uso wake na slaidi pana nafasi ya takriban milimita 0.6 tu. Tone la mkojo lililowekwa kwenye slaidi bila kufunikwa huweza kusimama hata milimita moja. Hesabu imeishia hapo: ukiizungusha lenzi ya 40 juu ya tone hilo, itazama. Lakini ukichukua mikrolita 20 za mkojo huohuo na kulifunika tone kwa kile kioo chembamba cha milimita 22 kwa 22, mkojo unatandaa na kuwa na unene wa kama milimita 0.04. Ongeza unene wa kioo chenyewe, 0.17, bado uko mbali na lenzi. Zaidi ya hapo, lenzi ya 40 ilitengenezwa ikitegemea kioo hicho cha 0.17 kiwepo, bila hicho picha haitulii hata kama hakuna kilicholowa. Kwa hiyo kile kioo kidogo, kavaslipu, ambacho kwenye oda zetu ndicho cha kwanza kukatwa pesa zikipungua, ni ngao ya lenzi na pia ni sehemu ya lenzi.

Kavaslipu zikiisha, mnajua tunafanya nini? Tunaziosha na kuzirudia. Zinachubuka, zinavunjika kwenye vidole, zinabaki na mafuta, mwisho wake mtu anaamua kutazama bila kufunika "kwa leo tu". Msizigawe kwa boksi moja moja kila kituo kana kwamba vituo vyote ni sawa. Rejista ya maabara inaonyesha tumepima sampuli ngapi za mkojo na za choo kikubwa kwa miezi miwili ya mzunguko wa oda. Idadi hiyo, pamoja na kidogo cha ziada cha zinazovunjika, ndiyo idadi ya kavaslipu za kutuletea. Hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo katika oda nzima.

Adui wa pili wa lenzi ya 40 ni mafuta. Lenzi ya 100 hufanya kazi ndani ya tone la mafuta, ndivyo ilivyoundwa. Mafuta yale hupindisha mwanga karibu sawa na kioo, na mwanga unapita bila kupotea. Mtu akishamaliza kutazama damu kwa lenzi ya 100, halafu akataka kurudi nyuma kidogo aone eneo pana zaidi, anazungusha na lenzi ya 40 inapita katikati ya mafuta. Haikuundwa kwa mafuta. Yanaingia pembeni mwa kioo chake cha mbele, na kuanzia hapo kila unachokiona ni kama mtu unayemtazama kupitia dirisha lenye mvuke. Mtaalamu mwenye uzoefu anagundua mara moja. Mwanafunzi aliye mazoezini hajui kama ni lenzi au ni macho yake, na anaona aibu kuuliza.

Halafu kuna kinachodondoka chini. Jukwaa la hadubini lina tundu katikati ya kupitisha mwanga. Ukimwaga rangi au mkojo juu ya jukwaa, unashuka kwenye kondensa, lenzi ile kubwa iliyo chini yake, ambako pia kuna viwambo vyembamba vya chuma vinavyofungua na kufunga mwanga. Chumvi ikikaa humo, viwambo vinashika kutu na kugoma. Kinachozidi kinaendelea kushuka mpaka kwenye kioo cha taa kwenye kitako, na huko kuna umeme. Yule anayetupa kile kichujio cha buluu kwa kuwa "hakina kazi" angejua ni mara ngapi kichujio kile kikikaa juu ya taa kimedaka tone ambalo lingeingia ndani, angekitunza.

Na yote haya yakitokea msimu wa mvua, unyevu ukiwa mwingi, ukungu unaota kwenye kioo. Huanzia pale palipobaki unyevu na uchafu kidogo, unatandaza nyuzi zake, na tindikali inayotoka humo inakula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya lenzi. Ukungu ukifutwa mapema lenzi hupona. Ukiachwa, alama hubaki kwenye kioo chenyewe na hakuna fundi wa kuitoa. Kwa hiyo kuifunika hadubini iliyolowa kwa mfuko wa plastiki na kuifungia ndani ya sanduku lake la mbao, jambo ambalo watu hulifanya kwa nia njema kabisa, ndiyo njia ya haraka ya kuupa ukungu makazi. Ikauke kwanza. Kabati lenye balbu ndogo inayowaka, au pakiti za silika jeli zinazokaushwa na kurudishwa, vinatosha kabisa.

Baada ya hayo nadhani mtaelewa kwa nini nasema meza ni tatizo kuliko mikono ya mtu.

Vituo vingi vya ngazi ya tatu vina chumba kimoja cha maabara na meza moja. Dirisha ni moja, soketi ni moja, na hadubini lazima ikae karibu na soketi. Maji ya bomba ama hayapo, ama yapo siku yanazopenda yenyewe, kwa hiyo slaidi tunazisuuza kwa jagi juu ya beseni, na maji ni ya jerikeni. Wapi tutaliweka beseni? Kwenye meza ileile. Ukimwaga maji kwa jagi juu ya slaidi iliyopakwa Ziehl-Neelsen, rangi za kutafutia kifua kikuu, yanaruka yakiwa yamebeba fuksini, ile rangi nyekundu, na chupa ya asidi na spiriti iko hapo hapo. Anayesuuza anasimama, anayetazama amekaa, mgonjwa anaingiza mkono dirishani na kichupa cha mkojo ambacho mfuniko wake haukukazwa. Hapo hamjapata ajali bado. Hapo ndivyo siku inavyoanza.

Tunachohitaji ni meza ya pili. Iwe ya mbao, iliyopakwa rangi ya mafuta, yenye ukingo mdogo pembeni wa kuzuia maji yasichuruzike, na ikae upande mwingine wa chumba. Kila kilicholowa kikae huko: beseni, rangi, jerikeni, vichupa vya kupokelea. Meza ya hadubini iwe kavu, na slaidi isivuke kwenda kwake ikiwa bado inadondosha maji. Pale ambapo chumba hakiruhusu meza mbili, wekeni kibao cha wima katikati ya meza moja, kirefu kuzidi jagi. Hilo ni la seremala wa mtaani. Naliandika kwenye barua ya kitaifa kwa sababu mkuu wa kituo akiliomba peke yake huambiwa halimo kwenye mwongozo, basi litieni kwenye mwongozo.

Sasa nije kwenye woga.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, ambacho sitakitaja, kulikuwa na msaidizi wa maabara, kijana hodari, mwenye mikono mizuri ya kutoa damu watoto. Siku moja ya kliniki ya wajawazito, foleni ikiwa imefika nje, kiwiko chake kiligonga kichupa na mkojo ukamwagikia jukwaa la hadubini. Alikuwa peke yake. Miezi michache nyuma mwenzake alikuwa amekatwa mshahara kwa sentrifuji, mashine ya kuzungushia sampuli, iliyoharibika mikononi mwake, na barua ya kukatwa ilibandikwa ukutani ili sote tuisome. Kijana yule hakusema neno. Alichukua gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, akasugua lenzi na jukwaa, akanyunyiza dawa ya klorini kama tulivyofundishwa kwa kila kinachomwagika, akafuta tena, akafunika plastiki, akaendelea na vipimo vya haraka. Kesho yake hadubini ilitumika kama kawaida.

Ilichukua wiki nyingi kabla mtu hajaitazama lenzi yenyewe. Ipo njia rahisi: chomoa lenzi ya jicho, ile ya juu unayotazamia, igeuze kichwa chini, uitumie kukuza uso wa lenzi ya 40 huku ukiuelekeza kwenye mwanga. Nilichokiona ni mikwaruzo ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine, ile inayoachwa na nyuzi za gozi mtu anapozungusha kidole. Na ukingoni, mahali kioo kinapokutana na chuma, fuwele nyeupe za chumvi. Rangi ya chuma ilikuwa imebadilika palipopita klorini. Viwambo vya kondensa havikusogea kabisa.

Sijaandika haya ili mumlaumu yeye. Mkojo ule ungefyonzwa dakika ileile, tungekuwa na hadubini nzima. Kilichoiharibu ni gozi, klorini na ukimya, na vyote vitatu vilitoka kwenye ile barua ya ukutani. Tena lenzi si hasara kubwa kuliko zote. Wajawazito waliopimwa mkojo katika wiki zile, seli ambazo hazikuonekana, maambukizi yaliyoandikwa kuwa hayapo: nani aliyarudia majibu yale? Hakuna, kwa sababu hapakuwa na tarehe ya kuanzia. Mtu akiripoti siku ileile, unajua jibu la kutilia shaka linaanzia wapi. Akificha, majibu yote ya kipindi hicho yanabaki kuwa ya kubahatisha.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni waraka mmoja, wa ukurasa mmoja, unaosema wazi kwamba mfanyakazi atakayeripoti majimaji yaliyomwagika kwenye hadubini siku hiyohiyo hatakatwa mshahara wala kupewa barua ya onyo, na kwamba tukio litaandikwa kwenye daftari la matukio kama tunavyoandika mtu aliyejichoma sindano. Kwa sindano tulishaelewa zamani: tukimtisha aliyejichoma, ataficha, na atakosa dawa za kinga. Kwa nini hatujaelewa kwa lenzi? Anayeiba lenzi ni mwizi, mshughulikieni kama mwizi. Anayelewa kazini, vivyo hivyo. Lakini mtu aliyegonga kichupa kwenye meza ambayo sisi wenyewe tumeibana namna ile, huyo msimkate.

Ombi la pili linahusu klorini, na hapa natembea kwa uangalifu. Nchi hii imepigana na Ebola tangu Gulu mwaka 2000, kisha Mubende mwaka 2022, na Kampala tena mwanzoni mwa 2025. Klorini imetuokoa, na kila mfanyakazi wa afya amefundishwa kuikimbilia. Sitaki mtu aiogope. Ila mafunzo yale yanasema "kilichomwagika, mimina klorini, subiri" na hayasemi chochote kuhusu hadubini. Klorini inakula chuma na inaharibu utando wa lenzi. Meza, sakafu na beseni vinaistahimili, hadubini haistahimili. Kwenye jukwaa na mwili wa hadubini inatosha spiriti ya asilimia 70, iliyotiwa kwenye pamba au kitambaa laini, bila kumimina. Ongezeni sentensi hiyo kwenye mabango ya kuzuia maambukizi yaliyobandikwa katika kila maabara. Bila sentensi hiyo mtu mtiifu kabisa, anayefuata bango neno kwa neno, ataiua hadubini.

Na kwa kuwa waraka utasomwa na watu walio mezani, andikeni humo pia la kufanya katika dakika za mwanzo, kwa lugha ya kawaida. Zima taa, chomoa waya ukutani. Teremsha jukwaa, ondoa slaidi. Vaa glavu, maana ni mkojo au damu ya mtu. Majimaji yafyonzwe, yasisuguliwe: gusisha ncha ya karatasi ya lenzi kwenye ukingo wa tone na uiache inywe. Ukiifungua lenzi iliyolowa, uso wake uendelee kutazama chini, usiugeuze juu, maana ukiugeuza unayaonyesha majimaji njia ya kuingia. Ikiwa ni mkojo au maji ya chumvi, anza na karatasi iliyoloweshwa kidogo kwa maji yaliyotoneshwa, yale tunayotengenezea rangi, kwa sababu spiriti haiyeyushi chumvi vizuri. Spiriti kidogo ije baadaye ya kukausha. Mafuta yanataka kisafisha lenzi. Asetoni isikaribie kabisa, na zaileni ikitumika ovyo hulegeza gundi inayoshika vioo ndani. Kondensa ishushwe, itolewe, itazamwe juu na chini. Kisha hadubini iachwe wazi kivulini ikauke, mbali na jua na jiko, na lenzi isifunguliwe ndani na mtu yeyote asiye fundi wake. Gozi, tishu za chooni na mkono wa koti la maabara si vifaa vya kufutia lenzi. Karatasi ya lenzi ndiyo kifaa, na mara nyingi ndiyo isiyokuwepo. Iwekeni kwenye oda pamoja na kavaslipu.

Kwenu mnaoandika zabuni, nina machache. Zabuni ikisema "hadubini ya macho mawili, lenzi nne" na kunyamaza, mtaletewa iliyo rahisi kuliko zote. Ulizeni kama lenzi zimewekewa kinga ya ukungu; watengenezaji wapo wanaoweka. Ulizeni kama kioo cha taa kimezibwa pembeni na kinafutika. Nunueni lenzi ya 40 na ya 100 za akiba pamoja na hadubini, siku ileile, kwa mtengenezaji yuleyule. Miaka mitano baadaye kutafuta lenzi inayoingia kwenye mwili wa hadubini ya zamani ni kazi ngumu, na kituo huishia kuwa na hadubini nzima isiyo na jicho. Misaada pia ipokelewe kwa masharti hayo. Anayetuletea hadubini bila akiba yake anatuletea furaha ya muda, nasi tunampenda, lakini aambiwe.

Vyuo vikuu na taasisi za utafiti zenye hadubini za kugeuzwa, zile ambazo lenzi ziko chini na chombo cha seli kiko juu, mna hatari kubwa kuliko yetu: chakula cha seli kikimwagika kinaangukia lenzi moja kwa moja. Nyinyi mna wahandisi na bajeti. Nawaomba tu mtufundishie wanafunzi wenu tabia hii kabla hawajatumwa huku.

Mwisho, kwa wakaguzi. Tunaijua orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, ile inayotoa nyota sifuri hadi tano, na tunaiheshimu. Huwa mnaomba daftari la matengenezo, mnaona saini za kila siku, mnaweka alama. Daftari la kituo kile nilichowasimulia lilikuwa na saini zote. Safari ijayo ombeni lenzi ya jicho, igeuzeni, mtazame uso wa lenzi ya 40 wenyewe. Shusheni kondensa, msogeze viwambo vyake kwa kidole. Ulizeni kavaslipu ziko wapi. Kisha mwombeni aliye mezani awaambie lini mara ya mwisho kitu kilimwagika, na mumsikilize anavyojibu. Na msije siku tulizowaandalia. Njooni siku ya kliniki ya wajawazito, kama saa nne asubuhi, mkae kwenye kona ya chumba mpaka foleni iishe.

Wenu katika kazi,
Mtaalamu wa maabara, Koboko